Ripoti ya upotevu wa pakiti isiyoona nodi iliyokufa: nyota moja, labda mbili

0.2%. Hicho ndicho simyuleta hii ya kulipia (programu ya kuiga mtandao kwenye kompyuta) ilichoniandikia kwenye ukurasa wa matokeo, kwa rangi ya kijani, kuhusu mtandao ambao nodi yake ya katikati, yaani kifaa kinachopitisha data, ilizimwa huku mitiririko mitatu ya data ikipita humo. Upotevu halisi wa pakiti, yaani vile vipande vya data vinavyosafirishwa, ulikuwa 2%. Mara kumi, jamani!

Jaribio lenyewe ni rahisi kulirudia. Gridi ya nodi 25, viungo vya waya, mitiririko 10 ya UDP (njia ya kutuma bila kungoja uthibitisho), kila mmoja ukituma pakiti 100 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 100. Jumla pakiti 100,000. (Usitumie TCP hapa, inatuma upya kilichopotea, na ukihesabu upande wa programu utaona sifuri.) Uelekezaji ni OLSR, itifaki ambayo nodi huitumia kuchagua njia za pakiti, kwa mipangilio yake ya kawaida: salamu (ujumbe mfupi wa "nipo") kila sekunde 2, na jirani asiposikika kwa sekunde 6 anafutwa. Nodi inazimwa sekunde ya 40, mara tu baada ya kutoa salamu yake, na kuwashwa tena sekunde ya 60. Hapo hata karatasi inatosha: kwa sekunde 6 majirani wanaendelea kuirushia pakiti 300 kila sekunde, na 1,800 zinateketea. Ongeza 200 zilizodondoshwa na foleni (mahali pakiti zinaposubiri zamu ndani ya nodi) zilizofurika baada ya njia kuhama, unapata 2,000.

Ripoti ilizipata zile 200 tu.

Sababu yake ndiyo inayonichefua. Ripoti hujumlisha matukio ya kudondosha ambayo nodi zenyewe zimeyaandika. Foleni iliyojaa huandika. Nodi iliyozimwa haiandiki chochote, na jirani aliyetuma kwenye kiungo kisichorudisha uthibitisho anaamini amemaliza kazi yake. Ni sawa na kuhesabu marehemu kwa kuita majina na kungoja waitike. Yaani chombo kinachouzwa kwa ajili ya kupima mitandao inayoharibika kinapima vizuri pale tu pasipoharibika kitu!

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikaambatanisha faili la matukio na hesabu nzima. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, mstari mmoja: takwimu ziko sawa, nisome mwongozo. Mwongozo huo hausemi popote pakiti inahesabiwa imepotea lini. FlowMonitor, kipimo cha mitiririko cha ns-3, simyuleta nyingine ambayo ni ya bure, inasema wazi: isipoonekana kwa sekunde 10 imepotea, na kikomo hicho unaweza kukibadilisha.

Basi achana na ripoti, hesabu mwenyewe. Kila pakiti ipewe namba ya mtiririko na namba ya mfuatano. Hesabu kwenye tabaka la IP (ngazi inayoshughulikia anwani na njia) la chanzo na la mwisho wa safari. Zilizotumwa lazima zilingane na zilizofika, jumlisha zilizodondoshwa kwa sababu inayojulikana, jumlisha zilizo bado njiani, jumlisha zisizojulikana zilipo. Simamisha utumaji sekunde ya 100 lakini acha simyuleta iendelee hadi 115 ili foleni zikauke. Hapo "zilizo njiani" inakuwa sifuri, na kinachobaki kwenye "zisizojulikana" ndicho kilichomezwa na nodi mfu. Kama mwisho wa safari wenyewe ndio uliozimwa, weka hesabu yake kando, maana hakuna itifaki ya uelekezaji ambayo ingeziokoa pakiti hizo. Chora pia upotevu wa kila sekunde: 2% iliyotapakaa sawasawa na sekunde 6 za giza kwa mitiririko mitatu ni magonjwa mawili tofauti.

Kuna mtego mwingine. Kitufe chao cha kuzima nodi kinashusha violesura (milango ya nodi kwenye mtandao) tu, foleni inabaki na shehena yake. Nodi ikifufuka inazimwaga pakiti za sekunde 20 zilizopita, nazo zinaandikwa kuwa zimefika. Kwa sauti ya mtu anayepiga simu hizo ni takataka. Ongeza kwenye skripti amri ya kufuta foleni na jedwali la njia wakati wa kuzima, kama umeme ulivyokatika kweli.

Na haki yao niwape: faili la matukio ni safi mno. Muda hadi nanosekunde, namba ya nodi, kila mruko. Bila hilo nisingeweza kuthibitisha hata neno moja la haya. Kwa hilo pekee nilishafika nyota tatu, na kama unajua kuandika skripti yako pengine huna haja ya kunisikiliza.

Kisha nikahamia viungo vya redio. Huko uthibitisho ukipotea, pakiti hutumwa tena, na pale mpokeaji anaposhindwa kuchuja marudio, nakala mbili hufika. Ripoti inahesabu zote mbili. Mtiririko mmoja ukanionyesha upotevu wa -0.3%. Hasi! Pakiti zimezaliana njiani, na hakuna hata onyo. Hesabu namba za mfuatano zisizojirudia na tatizo linaisha, ni mstari mmoja wa msimbo, ambao wao wameshindwa kuuandika.

Nyota moja, na hiyo ni ya aliyebuni lile faili.