Maduka ya kale ya matofali: kuziba viungo kwa chokaa au kwa saruji?

Majengo mengi ya biashara ya karne ya 19 yalijengwa kwa matofali ya kuchoma na mota ya chokaa, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshikanisha matofali. Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, lakini ilichukua miongo mingi kuenea. Ukikwaruza kiungo (mstari wa mota kati ya matofali) kwa msumari kikamomonyoka kwa urahisi, huenda ni chokaa.

Saruji ina mvuto wake: hukauka upesi na fundi yeyote anaijua. Tatizo ni kwamba ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Ukuta ukitanuka na kusinyaa, tofali ndilo linalopasuka. Unyevu nao, ukizibiwa njia kwenye viungo, hutoka kupitia tofali, chumvi zikasukuma uso wake hadi ubanduke. Na tofali lililobanduka halirudi.

Chokaa hupitisha unyevu na hukubali ukuta kusogea kidogo, ila inadai subira. Kwa kiungo cha milimita 10, chimba mota ya zamani kina cha milimita 25 kwa tindo na nyundo (grainda hukata kingo za matofali), safisha vumbi, lowesha. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, uwe na chembe za ukubwa tofauti. Jaza viungo, kisha funika kwa magunia yenye maji siku kadhaa; ikikaushwa na jua hubaki unga.

Saruji iachiwe kuta za matofali magumu zilizojengwa nayo tangu mwanzo.