Duka ya lineti ya mu vile: fakitire yao asiransi inaikubali

Kama unatafuta montire ya kupendeza, enda fasi ingine. Hii duka ya mu vile, ya ku avenue Kasaï, montire zao ni chache na zingine unaweza sema ni za nkambo. Mi nabapatia nyota ine juu ya kintu ingine kabisa: beko bajua kuandika fakitire yenye asiransi ya kazi inalipa, na kwa muntu mwenye macho inaona kiloko ile njo kazi yenyewe.

Muke yangu ni mwalimu, sukari ikamuharibia retini. Lineti ya kawaida haimusaidie tena, dokta wa macho akamwandikia ile ya kukuza, vere za dioptri +10 macho yote mbili, na prizima ndani (ile yenye inapindisha mwangaza), juu na ile nguvu karatasi inakuwa sentimetre 10 ya uso na macho yanashindwa kukutana pale karibu bila prizima. Bon, duka ya kwanza, sitaje jina, ilitutolea fakitire ya mustari moya tu, « lineti », kode Z46.0. Asiransi ikakatala palepale eti mama alishapata lineti yake, plafo iliisha. Na ukisoma ile karatasi unaona beko na haki, maana Z46.0 mu CIM-10, ile kitabu ya kode za magonjwa, ni kupimisha na kutengeneza lineti na lantiye, basi, hakuna fasi inasema huyu muntu hata akivaa lineti haone.

Kwa hii duka ingine kuko mama moya ku kesi, eko na kitabu ya CIM-10 imechakaa, karatasi za herufi H zote zimekunjwa pembe. Mbele ya kugusa franga akauliza: « Papa, dokta aliandika mama anaona ngapi ku jicho ya muzuri, na lineti yake mu uso? » Haikuandikwa. Akaturudisha kwa dokta, na jua ile ya saa sita, nilikasirika kweli. Tukarudia na 2/10, sasa akaweka kode za namna mbili, ya ugonjwa (E11.3 na H36.0) na ya vile macho inaona, H54.2, yenye ni chini ya 3/10 mpaka 1/10. Kama ingekuwa chini ya 1/10 mpaka 1/20 ni H54.1. Kisha akakata fakitire mistari tatu: montire, vere za kukuza, na kazi ya kufundisha mugonjwa kuitumia. Ku ile ya pili hakuandika « lineti » tupu, aliandika wazi kama ni kifaa ya kusaidia macho yenye inabebwa ku lineti.

Mu kataloge yao kuko kode za V, V2610 na zingine, nikauliza ni za nini. Eti ni za Marekani: V2600 lupe ya mukono, V2610 vere moya moya yenye inakaa ku lineti, V2615 teleskopi na zile za vere mingi mingi. Kwetu asiransi haisome ile. Na hata kule Medicare, asiransi ya serikali yao ya bazee, hailipake bile bintu! Inalipaka lineti moya ya kawaida kisha operasio ya katarakta yenye baliweka lansi ndani ya jicho. Mi nilizani Bazungu beko balipiwa byote.

Asiransi yetu ikalipa vere, montire tukalipa sisi, kufundisha bakakatala. Na kusema kweli ile kufundisha ya duka haina kintu, kijana alimuvalisha, akamupatia gazeti, akasema zoea. Kwa nyumba kichwa ikamuuma muke yangu juu alikuwa anasukuma kaye mbali vile alizoea, mpaka akajua kuileta karibu na pua na kutembeza karatasi, hapana kichwa. Sasa anasahihisha dikte za batoto bila kuniita.

Banalomba avansi ya nusu na banachelewa kuagiza. Siku ya posho mama wa kesi haikuake, kijana njo anaandika fakitire, na yeye anarudisha mustari moya ileile ya « lineti ». Lomba proforma kwanza, uisome ukiwa ungali ku kontwari, na H54 isipokuwa mule usiache avansi yako.