Nimeingia chuo kikuu na bisibisi: nyota tatu na nusu kati ya tano

Nilikuwa na miaka 11 ya kuvuta nyaya na cheti cha ufundi kilichochakaa kwenye mikunjo nilipoomba shahada ya uhandisi umeme, masomo ya jioni. Alama za sekondari hazikutosha. Nikapitia mlango wanaouita utambuzi wa ujuzi wa awali, na huo ndio uliobeba nyota nyingi hapo juu.

Wanataka jalada: michoro ya saketi ulizofunga, picha za kabla na baada, barua za wateja, na kwa kila kazi maelezo ya kwa nini uliifanya hivyo. Hiyo "kwa nini" ilinikesha. Kueleza sababu ya kuchagua waya wa unene ule na si mwembamba zaidi, sikuwahi kuulizwa. Mteja huuliza taa itawaka lini.

Kisha usaili. Wahadhiri wawili, fundi wa maabara mmoja, na mezani kontakta tatu (swichi zinazowashwa kwa umeme), taima, ovalodi (kinga ya mota isizidiwe) na mota ya fezi tatu. Nifunge sta-delta, yaani mota ianze koili zake zikiwa zimeungwa kwa mtindo wa sta, kisha ihamie mtindo wa delta. Nikafunga. Kwa nini ianze kwa sta? Ili isivute mkondo mkubwa wakati wa kuwaka. Unapungua kiasi gani? Unabaki theluthi moja ya ule ambao ingevuta ikianza kwa delta. Na unapoteza nini? Hapo nikababaika, hadi nikakumbuka pampu moja iliyogoma kuzunguka ikiwa na mzigo: nguvu ya kuanzia nayo hubaki theluthi. Yule fundi wa maabara akatabasamu kabla ya wahadhiri.

Walinisamehe masomo manne ya mwaka wa kwanza. Hisabati hawakunisamehe, nikapelekwa kozi ya maandalizi ya wiki 12, na walikuwa sahihi. Namba changamano zilinitoa jasho, lakini ndizo zilizonieleza zile kapasita nilizokuwa nikifunga viwandani kwa mazoea zinafanya nini hasa.

Sasa kituo cha ajira. Kinafunguliwa saa tatu asubuhi, kinafungwa saa kumi alasiri. Sisi wa jioni tunaingia darasani saa kumi na mbili. Nikaomba ruhusa kazini ili nihudhurie semina ya kuandika wasifu, nikaambiwa nifute "fundi msimamizi" na niandike "kijana mwenye ari, tayari kujifunza". Nina watoto watatu, jamani. Lakini sitawadhulumu: mshauri mmoja alinifanyia usaili wa majaribio akanirekodi, na nilipojitazama nikajisikia nikisema "tulifunga", "tulirekebisha", hata kazi nilizofanya peke yangu. Akaniuliza, "Hao wengine wako wapi?" Tangu siku hiyo nasema "nilifunga".

Mafunzo kwa vitendo ni wiki 8 mfululizo, bila malipo. Mwenye mshahara unaolisha nyumba anafanyaje? Niliomba niyafanyie palepale ninapofanya kazi. Ilichukua miezi miwili na sahihi tatu, wakakubali kwa sharti kwamba nifanye kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nikajifunza kuandika programu ya kuendesha pampu zenyewe zipokezane zamu. Sharti zuri, ingawa ningelipenda zaidi lisingechukua miezi miwili.

Na si kwamba hakuna pa kuigia. Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, tangu 1906 kilianza kuwapokezanisha wanafunzi wa uhandisi kati ya darasa na kiwanda, wazo la Herman Schneider. Kazi ikawa sehemu ya ratiba, si kiraka cha likizo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, bila kudai vyeti vya kuingilia, masomo yaliwafuata nyumbani kwa posta, redio na televisheni. Changu kimenifungulia mlango, kisha kikaniwekea saa za ofisi za mtu asiye na kazi.

Fundi mwenzangu ukitaka kujaribu, anza leo kupiga picha kazi zako kabla hujafunika boksi. Na kabla ya kulipa ada, uliza maabara, maktaba na kituo cha ajira vinafungwa saa ngapi, ujibiwe kwa maandishi.

Niko mwaka wa tatu. Wiki iliyopita kituo cha ajira kimenialika nikazungumze na wanaoanza. Saa nne asubuhi, Jumanne. Nimewajibu kwamba niko kazini.