Suti ya mpira wa asili, kaptula ya nyavu na koti lisilo na PFAS: uzoefu wangu

Neoprini, mpira wa viwandani unaotumika kushonea suti za kuvaa tunapoteleza mawimbini, niliiacha kwa sababu ya inakotoka. Hutengenezwa kwa kloropreni, kemikali ambayo Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilisema mwaka 2010 kuwa yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Watu wa LaPlace, Louisiana, huko Marekani, waliishi miaka mingi jirani na kiwanda cha neoprini. Sitaki raha yangu ya mawimbini ilipwe na mapafu ya mtu mwingine.

Suti ninayovaa sasa ni ya Yulex, mpira unaotokana na utomvu wa miti na kusafishwa hadi protini zinazosumbua wenye mzio zipungue sana. Kampuni ya mavazi ya Patagonia iliuingiza kwenye suti zake mwaka 2016, asilimia 85 mpira huo na 15 mpira wa viwandani, kisha wengine wakafuata. Suti yangu inavutika vizuri mabegani, na hapo ndipo penye kazi ukiwa umelala juu ya ubao unakata maji kwa mikono. Joto inatunza sawasawa na ile ya zamani. Ilipokuwa mpya ilikaza kidogo kuivaa, sasa imelegea. Jua ndilo adui yake, kwani mpira wa asili hupasuka ukianikwa juani, kwa hiyo naisuuza kwa maji baridi, naigeuza ndani nje na kuitundika kivulini.

Kaptula yangu ni ya nailoni iliyozalishwa upya kutokana na nyavu chakavu za uvuvi. Imara, inakauka upesi, sina la kulalamikia.

Sweta la manyoya ya poliesta iliyotokana na chupa za plastiki silisifii. Linatia joto, lakini kila likifuliwa humwaga nyuzi za plastiki zinazoishia baharini, nami bahari ndiyo ninayoitetea. Nalifua mara chache, ndani ya mfuko wa kuchuja nyuzi.

Koti la mvua lisilo na PFAS, yaani kemikali sugu za kufukuza maji na mafuta kwenye kitambaa, linahitaji subira. Mwanzoni matone yaliteleza vizuri. Baadaye jasho na mafuta ya ngozi yakafanya kitambaa cha nje kilowe mapema, hasa shingoni na mikononi. Maji hayapenyi, ila koti huwa zito na ndani unatota jasho. Nikilifua kwa sabuni laini na kulikausha kwa joto dogo, matone yanaanza tena kuteleza. Likichakaa nitanunua la aina hiyo hiyo.