Futi ya pindo la kuficha: kabla ya kulipa, kaza skrubu yake uone kama inashika

Suruali ya kitambaa iliyopunguzwa urefu kisha ikapigwa mshono wa wazi chini hujitangaza kwa mbali kwamba imekatwa. Kiuno kinaweza kuwa kimekaa sawa na mkunjo wa mbele umenyooka kama rula, lakini jicho litakwenda kwenye ule mstari wa uzi juu ya kiatu. Ndiyo maana suruali za suti hukungwa kwa mshono usioonekana nje. Na Dodoma ya sasa, yenye ofisi za Serikali za Mtumba na Bunge la Bajeti linaloanza kila Aprili, ina suruali nyingi za kukunga kwa namna hiyo. Wengi bado wanazikunga kwa mkono. Kazi inatoka nzuri, ila inakula muda.

Kifaa tunachokitathmini hapa ni futi ndogo ya cherehani, yaani kile kipande kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, inayofanya kazi hiyo kwa mashine: futi ya pindo la kuficha, ile ya kubana yenye ukuta mwembamba unaosogezwa kwa skrubu ya pembeni. Huuzwa peke yake, au ndani ya kasha lenye futi nyingi za kila aina. Kwa suruali za kitambaa tunaipa alama za juu. Lakini ina masharti, na la kwanza likikosekana hela yote imepotea.

Sharti hilo ni cherehani yenyewe. Futi hii inahitaji mashine inayopiga zigizaga na yenye mshono wa pindo la kuficha. Butterfly nyeusi ya kukanyaga na Singer za zamani za mshono mmoja hazifai, kwa sababu sindano yake inapanda na kushuka mahali pamoja tu, haiendi kushoto. Futi inaweza kufungika vizuri kabisa, ukashona, ukaishia na mstari ulionyooka pembeni mwa pindo. Tazama alama zilizochorwa kwenye mashine yako: unatafuta mistari midogo kadhaa iliyonyooka, kisha mchomo mmoja unaoruka kushoto. Alama inayofanana na hiyo lakini mistari yake ina vizigizaga vidogo ni ya vitambaa vinavyovutika. Ya kwanza ndiyo ya suruali.

Sharti la pili ni urefu wa shingo ya mashine, yaani sehemu inayoshika futi. Shusha futi yako ya kawaida, upime kutoka katikati ya skrubu inayoishika hadi kwenye bamba la chini. Ukipata kama milimita 12 au 13 (nusu inchi), hiyo ni shingo fupi, na futi nyingi za madukani zimetengenezwa kwa ajili yake. Mashine nyingi za nyumbani za Brother, Janome na Singer za sasa ni za aina hiyo. Ukipata karibu inchi nzima, ni shingo ndefu, na futi ya shingo fupi haitafika chini. Bernina wana mfungo wao wenyewe. Njia rahisi kuliko kukariri majina ni kwenda dukani na futi yako mkononi ukalinganisha.

Sasa kifaa chenyewe. Ukiigeuza utaona ukuta wa chuma au plastiki uliosimama katikati, ukielekea mbele. Mkunjo wa kitambaa unaegemea ukuta huo kwa upande wa kushoto. Sindano inapiga michomo kadhaa kulia kwa ukuta, juu ya ukingo wa pindo, halafu inaruka kushoto na kuuma mkunjo kidogo tu, nyuzi moja au mbili za kitambaa. Hapo ndipo siri yote ilipo. Ikiuma zaidi ya hapo, nje patatokea vijiti vya uzi. Isipouma, pindo litaning'inia.

Skrubu ya pembeni ndiyo inayoamua sindano iume kiasi gani. Ukuta ukisogea kulia, mkunjo unaufuata na sindano inauma zaidi. Ukisogea kushoto, inauma kidogo. Kwa hiyo futi ambayo ukuta wake haushiki pale ulipouweka haina kazi. Futi za kwenye makasha ya bei ndogo huwa na kasoro hiyo hiyo: ukuta wa plastiki, skrubu yenye meno mabovu, na mtetemo wa mashine unausogeza taratibu. Mguu wa kwanza wa suruali unatoka safi, wa pili una vijiti, na mshonaji anadhani amekosea kukunja kumbe ukuta umehama. Dukani, kaza skrubu, halafu sukuma ukuta kwa kidole gumba. Ukisogea hata kidogo, irudishe. Angalia pia kama ukuta umenyooka sambamba na njia ya kitambaa, maana uliopinda hauongozi mkunjo sawasawa.

Baadhi ya futi zina kijiti cha chuma kinachokatiza tundu la sindano, na uzi hupita juu yake kabla haujakaa kwenye kitambaa. Ukikuta yenye kijiti hicho, chukua hiyo. Uzi unabaki na ulegevu kidogo, na ulegevu huo ndio unaozuia vishimo kwa nje.

Mipangilio ya kuanzia kwa tetroni ya uzito wa kati: upana wa mshono milimita 3, urefu wa mchomo 2, na mkazo wa uzi wa juu ushushwe namba moja chini ya kawaida. Sindano namba 11 kwa kitambaa chepesi, namba 14 kwa gabadini nzito. Uzi uwe mwembamba na wa rangi ya kitambaa. Ukikosa rangi kamili, chukua iliyokoza kidogo, kwani yenye mng'ao huonekana haraka zaidi. Kabla ya kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano imalize mchoro mzima, kulia na kushoto. Ikigusa ukuta, rekebisha upana au ukuta wenyewe. Sindano inayogonga chuma kwa kasi inavunjika, na kipande chake kinaruka hadi usoni.

Mikunjo ndiyo sehemu inayowashinda wengi, na hakuna futi itakayoifanya kwa niaba yako. Acha akiba ya sentimita 4 hadi 5 chini ya urefu unaotaka. Piga ovaloki (mshono unaozuia nyuzi kufumuka) ukingo wote, au zigizaga kama huna ovaloki. Geuza suruali ndani nje, kunja pindo kwenye mstari wa chaki, kisha piga pasi. Sasa chukua pindo zima uliingize ndani ya mguu wa suruali, likae chini ya kitambaa, mpaka ule ukingo wa ovaloki tu uchungulie kwa milimita 6, yaani robo inchi. Bana kwa pini, vichwa vikae kushoto mbali na njia ya futi, na uzitoe kadiri unavyokaribia. Unapoweka mashineni, ukingo unaochungulia uwe kulia, suruali yenyewe kushoto, na mkunjo uguse ukuta bila kuusukuma.

Anza karibu na mshono wa ndani ya paja, ambako mwanzo na mwisho hautaonekana. Usirudishe nyuma kama unavyofanya kwenye mshono wa kawaida, kwa sababu mchoro huu ukirudi nyuma unaacha uvimbe. Pitisha mshono juu ya ulikoanzia kwa sentimita 2, ukate uzi. Ukifika kwenye mishono minene ya pembeni, punguza kasi. Uvimbe wa mshono huuinua mkunjo na kuusogeza mbali na ukuta, na hapo ndipo michomo inaporuka bila kuuma kitu. Dawa yake ni kufungua mshono huo ndani ya akiba na kuulaza kwa pasi kabla hujakunja.

Mashine yenye mkono mwembamba, ule ambao mguu wa suruali huvishwa kwa kuzunguka, hurahisisha kazi hii sana. Kwenye mashine ya meza bapa bado inawezekana, ila unashona ukiwa ndani ya bomba la suruali, na tabaka la chini hujiingiza kwenye mshono usipokuwa macho.

Suruali zinazobana chini zina tatizo lao, na futi ndiyo inayolaumiwa bure. Mguu ukiwa unapungua kuelekea kisigino, akiba iliyokatwa kufuata mteremko huo huo inakuwa nyembamba kuliko sehemu itakayolalia. Ukilazimisha, nje inavutwa na kufanya mikunjo ya mshazari. Wakati wa kukata, ipanue akiba kuelekea chini kana kwamba mguu unafunguka tena. Kama suruali imeshakatwa, fumua mishono ya pembeni ndani ya akiba tu. Vilevile, suruali ya suti ambayo nyuma imeshuka kuliko mbele isizidishwe tofauti ya sentimita 1. Ikizidi, ukingo wa pindo hautalala sawa na utapata mawimbi.

Kitambaa nacho kina neno. Sufu ya suti, gabadini yenye mistari ya mshazari na tetroni nene yenye rangi iliyokoza hupokea mshono huu vizuri sana. Mchomo unazama katikati ya nyuzi na hauonekani. Kadeti ni ngumu zaidi. Nyuzi zake zimebanana, kila mchomo unaacha nukta, na kwa rangi ya maziwa au ya mchanga nukta hizo zinahesabika. Kiwandani kadeti nyingi hupigwa mshono wa wazi, na tungekushauri uziache hivyo. Jinzi usijaribu kabisa. Vitambaa vyepesi vinavyoteleza ni bora vikakungwa kwa mkono.

Kuhusu uimara, ufuaji wetu lazima uingie kwenye hesabu. Vumbi jekundu la Dodoma, hasa miezi ya upepo baada ya mvua kwisha, hukaa kwenye pindo kuliko popote pengine, na mfuaji hulifikicha kwa nguvu sehemu hiyo hiyo. Mshono wenye michomo minne iliyonyooka kati ya miruko, kwa urefu wa 2, unauma takribani kila sentimita moja. Kwa suruali inayofuliwa kwa mikono kila wiki, punguza urefu hadi 1.5. Miruko inakaribiana, na kisigino kikiingia kwa bahati mbaya wakati wa kuvaa, kinang'oa sehemu ndogo tu. Mshono wa mashine ya nyumbani una nyuzi mbili, ya juu na ya bobini, hivyo ukikatika mahali pamoja haufumuki wote. Mashine kubwa za viwandani za pindo la kuficha ni tofauti: zina sindano iliyopinda na hutumia uzi mmoja wa mnyororo, zinakwenda kasi sana na mshono wake ni laini mno, lakini uzi ukikatika ukavutwa upande wake, pindo zima linafunguka. Kama suruali mpya ya dukani imewahi kukushukia ukiwa ofisini, sababu yake mara nyingi ni hiyo.

Gundi ya utepe inayoyeyushwa kwa pasi, ambayo wengine huipendelea, tunaiona ya dharura tu. Inakakamaza pindo, na ufuaji wa kufikicha huiachilia kidogo kidogo.

Ukishamaliza, pasi inaweza kuharibu kila kitu. Ukikandamiza juu ya ukingo wa ovaloki, alama yake itajichora nje kama mstari wa pili. Piga pasi kwenye mkunjo wa chini peke yake, au ingiza kipande cha bahasha ya kaki kati ya pindo na suruali kwanza. Tetroni iwekewe kitambaa chenye unyevu juu yake, la sivyo itang'aa. Wenye pasi ya mkaa wakung'ute majivu kabla.

Makosa yakitokea, yasome kwa nje. Vijiti virefu vya uzi maana yake ukuta uko kulia mno au upana umezidi. Vishimo bila vijiti ni mkazo wa uzi wa juu, ulegeze. Sehemu zisizoshikwa huku nyingine zimeshikwa ni mkunjo uliotangatanga, na hapo usiguse skrubu, rudia pini na pasi. Sehemu zote zikiwa hazijashikwa, ndipo usogeze ukuta kulia, robo ya mzunguko kwa mara moja. Miruko ikienda kulia badala ya kushoto, umechagua mchoro uliogeuzwa.

Kati ya kununua futi moja yenye ukuta wa chuma na kununua kasha zima, chukua ile moja, hata kama muuzaji atakuonyesha kwamba kasha lina vitu vingi zaidi kwa hela inayokaribiana. Na kila unapobadilisha kitambaa, shona kwanza kwenye kipande ulichokikata chini ya suruali hiyo hiyo, kikiwa kimekunjwa na kupigwa pasi kama pindo lenyewe. Sentimita 15 zinatosha kukuonyesha ukuta ukae wapi.