Mafuta na krimu za mikono: ipi ununue kwanza

Kabla hujavutiwa na picha ya maua kwenye kopo, ligeuze usome viambato. Kwa kawaida huorodheshwa kwa wingi, kilicho kingi kikitangulia. Kama gliserini, kiambato kinachoshika maji kwenye ngozi, imeandikwa mwishoni kabisa, baada ya manukato, hapo umeuziwa harufu.

Namba moja kwangu ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato. Najua hayana mvuto. Lakini hakuna kinachoyashinda kwa kuzuia maji yasitoroke kwenye ngozi. Yenyewe hayaongezi maji, ndiyo maana hupakwa mara tu baada ya kunawa, mikono ikiwa bado na unyevunyevu. Yasugue pia kwenye kucha na ngozi inayozizunguka. Kasoro yake ni utelezi: utachafua karatasi, simu na nguo. Basi yaache yawe ya usiku, na mikono ikiwa imekauka sana vaa glavu nyepesi za pamba juu yake ulale.

Mchana chukua krimu nzito yenye gliserini, namba mbili. Gliserini huvuta maji na kuyashika kwenye tabaka la juu la ngozi, na krimu hii haiachi mafuta mengi viganjani. Nunua ya tyubu. Kopo huchovywa vidole kila mara, nao uchafu huingia humo.

Krimu ya urea, kiambato kinachoshika maji na kulainisha ngozi, ni ya tatu, ingawa kwa mwenye sugu ningeipandisha iwe ya kwanza. Asilimia 5 hadi 10 inatosha ngozi kavu. Kuanzia 20 ni ya kulainisha ngozi ngumu. Usiipake penye mipasuko, itakuwasha mpaka uijutie.

Siagi ya shea ni nzuri, ila ukitozwa mara kadhaa ya bei ya mafuta ya mgando, jiulize unalipia nini. Losheni nyepesi za kunukia naziweka mkiani: sehemu kubwa ni maji, na manukato ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio wa ngozi.

Kwa kucha, sina hamu na dawa za kuziimarisha, hasa zenye kemikali ya formaldehaidi: huzifanya ngumu, kisha zikavunjika kwa urahisi zaidi. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo kubadilika yote huchukua kama miezi sita; anayekuahidi kucha mpya kwa wiki moja anakudanganya. Pesa hiyo nunua tupa laini ya kioo, glavu za mpira za kuoshea vyombo, na kiondoa rangi kisicho na asetoni. Mkasi wa kukatia ngozi ya shina la kucha uache dukani, maana ngozi hiyo ndiyo inayozuia vijidudu visipenye.

Mikono ikiwa myekundu, inawasha na kutoa malengelenge, ahirisha manunuzi umwone daktari wa ngozi.