Uzoefu wangu na soksi ya mkono ya kubana (na mazoezi yake) baada ya saratani ya titi

Naandika hii kwa wale walioshatolewa tezi za kwapani na sasa mkono umeanza kujaa, maana mimi nilipoanza kuulizia kila mtu alikuwa ananijibu "nunua soksi ya mkono uvae" basi (ni ile nguo ya kubana unayoivaa mkononi kutoka kifundo hadi karibu na kwapa), utadhani zote ni moja. Si moja hata kidogo, na hata ile nzuri kabisa ukiivaa umekaa tu kwenye kochi kutwa nzima inafanya nusu ya kazi.

Hali yangu kwa kifupi: operesheni ya titi, tezi za limfu za kwapa zikatolewa (limfu ni yale maji ya mwilini yanayopita kwenye mirija na tezi zake), mionzi ikafuata. Mkono haukuvimba pale pale, ulikuja baadaye kabisa wakati nshajihesabu nimepona, na ndo inavyokuwa kwa wengi, inaweza kuchukua miezi au hata miaka. Ilianza pete kugoma kutoka, kisha blauzi zikawa zinabana upande mmoja tu, jioni nikibonyeza na kidole gumba hapa chini ya kiwiko panabaki kishimo na kinachukua muda kufumuka. Maumivu si sana, ni ule uzito, yaani kama umebeba kikapu ukasahau kukitua.

Soksi ya kwanza ilikuwa ya kununua tayari, ile laini inayofumwa mviringo haina mshono. Muuzaji akanipima kwenye kifundo na kule juu karibu na kwapa, akatoa saizi ya kati, tukaachana. Kuhusu kiganja hakuuliza chochote, na soksi yenyewe inaishia kwenye kifundo. Matokeo yake mkono ukapungua kidogo kweli lakini nyuma ya kiganja pakaanza kufura, vifundo vya vidole vikapotea kabisa, maana maji yakibanwa juu yanatafuta pa kwenda na pasipobanwa ndo pale kiganjani. Halafu kwenye kiwiko inajikunja inakuachia mstari mwekundu, na ule utepe wa silikoni wa juu unawasha balaa. Nyota mbili, na hizo nampa kwa sababu ni nyepesi na inavalika haraka. Kama uvimbe wako ni mdogo na mkono bado una umbo lake la kawaida inaweza ikakutosha, sisemi ni mbaya kwa kila mtu, ila ukiona kiganja kinajaa usingoje, mwambie anayekuhudumia mapema akuongezee glavu yake.

Ya pili ndo ninayotaka kuisifia. Hii nilipata kupitia mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na limfedema, yaani huu uvimbe wa limfu iliyokosa pa kupita, na kabla ya kupimwa soksi yoyote nilifungwa kwanza bandeji, tabaka juu ya tabaka kuanzia vidoleni hadi begani, zile ngumu zisizovutika sana, pamoja na masaji ya taratibu ya kuielekeza limfu kule ambako tezi bado zipo. Kipindi kile kilinichosha jamani, mkono unakuwa kama gogo, hata kufunga kifungo ni mradi. Lakini kina sababu: soksi kazi yake kubwa ni kushikilia mkono pale ulipofika, sio kuushusha. Ukipimwa ukiwa umejaa utashonewa soksi ya mkono uliojaa. Kwa hiyo bandeji kwanza, mkono ushuke, ndipo utepe wa kupimia upitishwe, tena asubuhi kabla haujachoka, na unapitishwa sehemu nyingi kila baada ya sentimita kadhaa, na vidole pia.

Hii inafumwa bapa halafu inashonwa, ina mshono mmoja unapita kwa urefu. Yangu ni daraja la pili la nguvu ya kubana, yaani milimita 23 hadi 32 za zebaki (mmHg, kipimo kile kile cha presha), na glavu yake mbali. Kwa sura haina uzuri, tuseme ukweli, ni nene na mshono unaonekana, watu wanakuuliza umeungua na moto? Ila haijikunji kiwikoni na haikati kifundo, na ule unene ndo siri yake. Nguo inayovutika sana, misuli ikitutumka na yenyewe inaachia. Hii haiachii, msuli ukijikunja unagonga ukuta, mirija ya limfu iliyo katikati inaminywa na maji yanasogea kwenda juu. Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu, ina mijongeo ya mirija yenyewe basi na inategemea sana misuli na pumzi. Sasa ukikaa kimya ndani ya soksi nani asukume?

Kuivaa kuna ufundi. Tumia glavu ya mpira ile ya kuoshea vyombo, geuza nusu ya soksi nje-ndani mpaka kwenye kifundo, ingiza mkono, halafu usivute kwa kushika ukingo wa juu! Pandisha kwa viganja kidogo kidogo, unasugua kuelekea juu, mpaka vitundu vya kitambaa vimekaa sawa kote. Ukivuta ukingo kitambaa kinatandazika vibaya, juu kunakuwa na kamba na chini kumelegea. Ikizidi urefu usiikunje pale juu, mkunjo unabana mara mbili. Mafuta ya ngozi paka usiku, ukipaka asubuhi haipandi kabisa. Na usiku hiyo ya mchana vua, mwenye kuhitaji ya kulalia ataambiwa aina yake.

Mazoezi sasa. Wengi wetu tuliambiwa huo mkono usibebe kitu maisha yako yote. Hiyo imepitwa na wakati. Kuna utafiti wa Kathryn Schmitz na wenzake uliotoka kwenye New England Journal of Medicine mwaka 2009, wanawake 141 wenye limfedema tayari, nusu wakanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima wakiwa wamevaa soksi zao, na vyuma havikuwaongezea uvimbe, tena waliopata hali kuharibika ghafla walikuwa asilimia 14 kwa wanaonyanyua na asilimia 29 kwa wasionyanyua. Na kabla ya hapo, 1996 kule Vancouver, daktari Don McKenzie aliwaweka kwenye mtumbwi wa kasia wanawake 24 waliopita saratani ya titi, kipindi ambacho kupiga kasia kulionekana ni kuutafuta uvimbe kwa makusudi, na haukuwatokea. Mimi hilo la mtumbwi silitaki, naogopa maji, lakini lilinitoa woga wa vyuma.

Ninavyofanya: naanza na pumzi ndefu za tumboni, watu wanaziruka wakidhani ni mapambo, wakati pumzi ndo inayovuta limfu kwenye ule mrija mkubwa wa kifuani. Kisha mabega juu chini na kuyazungusha, kisha kiwiko, kisha kifundo, mwisho kufumba na kufumbua ngumi mkono ukiwa juu. Unaanzia karibu na mwili unashuka, kama unafungua njia mbele kabla ya kusukuma kilicho nyuma. Vyuma nilianzia nusu kilo, inachekesha lakini ndo hivyo, na nikaongeza kidogo tu pale ambapo siku inayofuata mkono haukulalamika. Ukiona umekuwa mzito au umebana kuliko kawaida rudi uzito wa nyuma, usiache kabisa. Ukiacha wiki kadhaa usirudi pale pale ulipoishia, shuka kidogo upande tena.

Kasoro za soksi hii zipo. Joto! Kukiwa na jua kali unatokwa jasho ndani na mikunjo ya kiwiko inawasha. Glavu inalowa kila ukinawa mikono, unajikuta unavua na kuvaa siku nzima. Inabidi uwe nazo mbili, moja mwilini moja kwenye maji, maana inafuliwa kila siku, sabuni ya kawaida sawa ila dawa ya kulainishia nguo hapana, inaua mpira, na usiikamue wala kuianika juani. Hata ukiitunza vipi karibu miezi sita inalegea, utaijua tu kwa sababu inaanza kuvalika kirahisi.

Afu kuna mambo sio ya soksi, ni ya daktari siku hiyo hiyo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, una homa, hiyo ni maambukizi ya ngozi na unahitaji antibayotiki, soksi weka pembeni kwanza mpaka akwambie. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi ukiwa umeivaa, vua. Na mwenye matatizo ya moyo au damu kuganda asijinunulie mwenyewe, aulize. Vidonge vya kukojoza maji pia havitibu hii, nimeona watu wanapeana.

Nyota nne kwa hii ya kushonewa, moja nimekata kwa joto na glavu. Mkono haujawa sawa na mwenzake na sitegemei, lakini kishimo cha jioni sasa hakipo siku nyingi na pete imerudi kidoleni. Hizi za sasa zimeanza kulegea, nshapimwa mpya, na safari hii nimechagua nyeusi kwa sababu ile rangi ya mwili inashika uchafu vibaya.